Menyu ya spa kwa mwenye presha na mishipa ya miguu: kipi ulipie, kipi ukipite

Kuanzia hoteli za ufukweni Zanzibar hadi vyumba viwili vilivyo juu ya saluni mjini Dar, menyu za spa zinafanana: masaji ya Kiswidi, masaji ya nguvu, mawe ya moto, mvuke, vikombe vya kuvuta ngozi (hijama), na siku hizi buti za hewa, yaani buti za mashine zinazojaa hewa na kubana miguu. Hapa zinapimwa kwa mteja wa aina moja tu: mwenye presha, mwenye tatizo la moyo, aliyevimba mishipa ya miguu, au anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa mteja huyo, huduma nzuri na mbovu hutofautiana kabla hata hajavua viatu.

Tuanze na fomu. Swali la "una tatizo lolote la kiafya?" halisaidii kitu, maana mtu ambaye presha yake imetulia kwa vidonge hajihesabu mgonjwa, ataandika "hapana" na kutia sahihi. Swali lenye faida ni "unakunywa dawa gani kila siku?" Akitaja amlodipine, huenda ana presha, na umeshapata sababu mojawapo ya vifundo vyake kuvimba. Akitaja furosemide, dawa ya kutoa maji mwilini, fikiria moyo au figo. Warfarin, rivaroxaban au clopidogrel, ambazo ni dawa za kuzuia damu kuganda, maana yake ni kwamba mgandamizo mkali utamwachia damu iliyovilia chini ya ngozi.

Halafu ipimwe presha. Spa isiyo na mashine ya presha mezani inakisia. Lakini hata yenye mashine huikosea: mteja ametoka kupanda ngazi, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya shati. Akae dakika 5 akiwa ameegemea, nyayo zikiwa sakafuni, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, na asiongee. Kama amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa, asubiri. Chini ya 140/90, endelea. Ikifika 180 ya juu au 120 ya chini, pima tena baada ya dakika 5; ikibaki hapo hakuna masaji, aende akaonwe na daktari. Kukiwa na maumivu ya kifua, kichwa kinachopasua, macho kuona ukungu au ulimi kuwa mzito, ni hospitali muda huohuo. Katikati ya vipimo hivyo, kwa asiye na dalili, tungefupisha saa nzima iwe nusu, mgandamizo uwe mwepesi, na joto lisiwepo kabisa.

Miguu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mteja akishalala kifudifudi na kufunikwa taulo, hakuna anayeikagua. Ikaguliwe akiwa amekaa. Mkandaji aweke migongo ya viganja vyake kwenye mashavu yote mawili ya miguu kwa wakati mmoja na kulinganisha joto, kwa sababu wekundu unaotajwa vitabuni hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Kisha achukue futi ya fundi cherehani, apime mzunguko wa kila mguu sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 inatosha kusimamisha kazi.

Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma shavu usiguswe. Shaka ya damu kuganda mguuni iongezeke kama mtu amefanyiwa upasuaji karibuni, ametolewa plasta ya mfupa, amekaa kwenye basi kutoka Mwanza hadi Dar, ana saratani, au anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Bonge la damu lililoganda ndani ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) likisukumwa linaweza kung'oka, likapita moyoni na kwenda kuziba mishipa ya mapafu: pumzi hukata ghafla, kifua huchoma, na mtu anaweza kufa palepale. Ubaya wake ni kwamba mteja mwenyewe ndiye atakayekuonyesha pa kukandamiza: "hapohapo, ndipo panapobana."

Waliojifungua wasisahaulike. Hatari ya damu kuganda huwa juu hasa katika wiki 6 za kwanza, na huo ndio wakati mama anakandwa kwa maji ya moto nyumbani. Mguu mmoja ukiwa umevimba, asikandwe, apelekwe hospitali.

Miguu yote miwili ikivimba, bonyeza muundi kwa dole gumba kwa sekunde 10. Shimo likibaki, uliza analalia mito mingapi. Anayehitaji mitatu ndipo apumue asilazwe chali wala kifudifudi, na miguu yake isichuliwe kupandisha maji juu. Moyo uliochoka hauhitaji mzigo huo.

Sasa menyu yenyewe. Masaji ya Kiswidi ilipiwe, kwa masharti. Mkono uende kuelekea moyoni, kutoka kifundo hadi gotini, kutoka goti hadi pajani. Penye vena zilizovimba na kujisokota hapakandwi wala hapapigwipigwi. Unapaka mafuta kwa kiganja chepesi na kupita, mguu ukiwa umeinuliwa juu ya mto. Kosa kubwa liko mwishoni: mkandaji anapiga bega mara mbili, anasema "tayari", anatoka. Mteja wa dawa za presha akiinuka ghafla, damu hubaki miguuni, macho huingia giza, anaanguka. Alale kwanza ubavu, akae dakika mbili tatu miguu ikining'inia, ndipo asimame akiwa ameshikwa.

Masaji ya nguvu: anayekunywa warfarin aipite, na bunduki ya kukandia pia. Shingoni sheria ni ya wote: mbele na kando ya koo, pale unaposikia mshipa ukipiga, hapabonyezwi. Kubonyeza hapo kunaweza kushusha mapigo ya moyo hadi mtu azimie, na mzee mwenye mafuta yaliyogandamana mshipani anaweza kupata kiharusi.

Mawe ya moto hayamfai mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo, wala mwenye miguu ya baridi inayouma akitembea na kuacha kuuma akisimama. Hatasikia anaungua, na kidonda chake hakitapona upesi. Mvuke hushusha presha kwa kutanua mishipa. Juu ya vidonge, hiyo ni njia fupi ya kuzimia bafuni. Vikombe vya kuchanja, kwa anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda: hapana.

Buti za hewa ndizo zinazouzwa kwa maneno matamu kuliko zote, eti "zinafungua mishipa". Mashine nyingi za bei nafuu huonyesha ngazi ya 1, 2 na 3 bila kusema ni milimita ngapi za zebaki (kipimo cha mgandamizo), hivyo hata mhudumu hajui anakubana kiasi gani. Kwa mtu mwenye afya aliyesimama dukani kutwa nzima hazina neno. Kwa mwenye bonge la damu, moyo ulioshindwa au ateri (mishipa inayopeleka damu) za miguu zilizoziba, zikataliwe hata zikitolewa bure kama zawadi ya kifurushi.