WWOZ wikiendi ya tamasha: New Orleans nzima juu ya cherehani yangu

Mfunguo mosi ndio mwezi wangu. Harusi zote zilizosubiri Ramadhani imalizike huniangukia kwa pamoja, na tangu hapo mpaka masika yakatike sijui Jumamosi wala Jumapili. Nashona hapa Unguja mjini hadi usiku wa manane, na mshonaji wa usiku akikosa sauti ya kumweka macho atajishona kidole. Miaka mitatu iliyopita mtoto wa kaka yangu alinikuta nasinzia juu ya cherehani. Akachukua simu yangu, akaiunganisha na spika ndogo, akaniambia, "Shangazi, hawa hawalali, wasikilize." Akenda zake. Tangu siku hiyo, mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, wikiendi zangu mbili ni za WWOZ.

WWOZ ni redio ya jamii ya mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani. Kwao inasikika kwenye 90.7 FM, sisi wa mbali tunaipata bure kwenye tovuti yao na kwenye programu ya simu. Ilianza Desemba 1980 kwa juhudi za ndugu wawili, Walter na Jerry Brock. Studio yao ya mwanzo ilikuwa chumba juu ya ukumbi wa muziki wa Tipitina's, na wanasimulia kwamba bendi ikipiga chini, wao huteremsha maikrofoni kupitia tundu la sakafuni na kuirusha hewani hapo hapo. Nimelipenda sana tundu hilo. Ukiisikiliza redio hii leo utaona bado wanafanya kazi ile ile ya kuteremsha maikrofoni mahali watu walipo. Watangazaji wa vipindi vya muziki ni watu wa kujitolea. Huyu ana kazi yake ya mchana, yule amestaafu, na wote wanakuja na sahani zao za santuri. Unaisikia hali hiyo kwenye sauti zao. Hawakimbilii tangazo la biashara, wala hawaukati wimbo katikati.

Lakini wikiendi ninazozisifia hapa ni zile za tamasha lao kubwa la Jazz & Heritage, linalofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Fair Grounds. Redio inahamia uwanjani. Kwao ni saa tano asubuhi mpaka saa moja jioni; kwetu, kwa tofauti ya saa nane, inakuwa saa moja usiku mpaka saa tisa. Kwa mtu wa kazi yangu haiwezi kukaa vizuri zaidi ya hapo. Magharibi imeshaswaliwa, watoto wameshakula, naketi.

Kinachokuja si jazi tu, na hapa ndipo wengi wanapokosea wakisikia jina. Saa moja nzima inaweza kuwa ya injili kutoka kwenye hema la injili, kwaya za makanisa zinazopandisha mpaka spika yangu inatetemeka juu ya meza. Halafu unaruka kwenye zydeco, muziki wa watu weusi wa mashambani wa Louisiana waliokuwa wakizungumza Kifaransa, ambao ndani yake kuna kodiani. Wallahi mara ya kwanza nilidhani mtoto amenibadilishia stesheni akaniwekea taarabu ya zamani! Pembeni ya kodiani kuna mtu amevaa kifuani bati lenye mikunjo, kama kizibao, analikwaruza kwa vyuma. Ile sauti ya kukwaruza ukishaijua huisahau. Kisha blues, kisha bendi za tarumbeta, kisha wageni: mwaka 2024 hema la mataifa lilikuwa la Kolombia, na ngoma zao za pwani zilinifanya nishone mkono wa gauni upande usio wake. Nilifumua, nikashona upya, bila kinyongo.

Na ni muziki wa moja kwa moja. Unasikia mpiga gitaa akitafuta sauti kabla ya kuanza. Unasikia watu wakicheka karibu na maikrofoni, upepo ukipiga, mshereheshaji akikosea jina na kulirudia. Mimi nilikulia kwenye nyumba ambayo muziki ulikuwa hivyo, umechanganyika na kelele za watu, na rikodi zilizosafishwa mno huniacha na njaa.

Sasa niseme la Wahindi. Nisieleweke vibaya, si Wahindi wa Darajani wenye maduka ya vitambaa. Hawa ni Wamarekani Weusi wa New Orleans wanaovaa mavazi ya manyoya na shanga kwa heshima ya Wahindi Wekundu, ambao, kama wenyewe wanavyohadithiana, waliwapa hifadhi wazee wao waliotoroka utumwa. Kila mtu hushona vazi lake kwa mkono, shanga kwa shanga, mwaka mzima, na mwaka ukiisha halivaliwi tena, anaanza jipya. Vazi moja linaweza kupita kilo 45. Wa juu ya mji hutunga shanga zikawa picha, za vita, za mito, za farasi. Wa chini ya mji hujenga maumbo yaliyoinuka juu ya kitambaa kama nyumba ndogo. Chifu wao mmoja mashuhuri, marehemu Allison Montana waliyemwita Tootie, alikuwa mtu wa kazi za ujenzi mchana na sindano usiku kwa zaidi ya miaka 50. Alifariki mwaka 2005 akiwa amesimama mbele ya baraza la mji, akiwatetea wenzake wasinyanyaswe na polisi wanapotoka na mavazi yao.

Wahindi hawa wanapopanda jukwaani, redio haiwezi kukuonesha unyoya hata mmoja. Unachosikia ni matari. Matari na sauti za wanaume, mmoja akiita, wengine wakiitikia, na wimbo wa kwanza ni kama dua. Wanaukokota polepole, wanawataja wakubwa wao. Mie nimekulia kwenye matari ya maulidi. Usiku ule niliondoa mguu kwenye pedeli, nikaiacha shela ya watu ikining'inia, nikasikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa na shanga elfu kadhaa za kutia kifuani kwenye shela ile na nilikuwa nimeshaanza kununa kwa wingi wake. Nilipoanza tena nilizitia zote kwa mkono, na bibi harusi akaja kuniuliza nimetumia mashine gani.

Jambo la pili ni beni. Marehemu baba alipiga ngoma kubwa kwenye beni hapa mjini, zile za tarumbeta na madebe zinazowatoa wanawake majumbani siku ya harusi. New Orleans nao wana beni. Hawaiiti hivyo, lakini ukisikia utaijua. Kila Jumapili mchana, karibu mwaka mzima ukiacha miezi ya joto kali, chama kimoja hutoka barabarani na bendi yake ya tarumbeta, wenye chama wamevaa sare mpya kuanzia kofia mpaka viatu, na mtaa mzima unafuata nyuma ukicheza. Hao wanaofuata ndio wanaoitwa "second line". Vyama vyenyewe vilitokana na vyama vya kufa na kuzikana. Watu walichanga ili mwenzao akiugua atibiwe na akifa azikwe kwa heshima, na muziki. Nani wa pwani hii atahitaji kuelezwa hilo mara mbili? WWOZ huwatangazia watu njia ya gwaride la wiki hiyo, wapi litaanzia na wapi litapumzika, na wakati wa tamasha vyama hivyo hupita uwanjani na maikrofoni ikiwafuata.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho kwangu kina thamani kubwa. Kila saa ya witiri, yaani saa moja, saa tatu, saa tano na kuendelea, mtangazaji huacha kila kitu akasoma orodha ya nani anapiga wapi usiku huo, mji mzima. Ukumbi, jina la bendi, saa ya kuanza, ukumbi unaofuata. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Husomwa kwa utulivu ule ule wa redio yetu ikisoma matangazo ya vifo, kwamba hili haliharakishwi, kuna mtu mahali anasubiri kusikia jina lake. Sitafika Frenchmen Street maishani mwangu, lakini nimeshazijua kumbi zake kwa majina, na nikikuta bendi niliyoisikia Jumamosi iliyopita imetajwa tena nafurahi kama jirani.

Wanaomiliki redio hii ndio hao hao wakfu wenye tamasha, kwa hivyo haviendi mbalimbali. Mwaka 2020 tamasha lilipofutwa kwa sababu ya korona, redio ilifungua makabati yake ikarusha maonesho ya miaka iliyopita kwa siku zote nane ambazo uwanja ungekuwa umejaa. Na kimbunga Katrina kilipouzamisha mji mwaka 2005, walirudi kwanza kwenye intaneti kwa msaada wa redio ya New Jersey, WFMU, ili watu waliotawanyika nchi nzima wasikie nyumbani kwao.

Kwa anayetaka kujaribu: saa moja ya kusikiliza imenila kama MB 60, kwa hivyo usiku mzima wa saa nane unakaribia MB 500. Nunua bando la usiku. Mtandao wa simu ninaotumia, sitautaja, mvua ikianza kupiga mabati nao huanza kukatika, na kila mara hukatika pale mwimbaji anapopanda. Jumamosi moja ya masika nilipoteza seti nzima, yaani onesho zima la bendi moja, namna hiyo. Dawa niliyoipata ni kurudi kwenye hifadhi ya vipindi vyao kwenye tovuti, ambako vipindi vya kawaida hukaa wiki mbili. Maonesho ya tamasha usiyategemee kuyakuta huko; siyo kila msanii anayeruhusu. Yasikilize yanapopita. Na kama Kiingereza chao kitakushinda, usijali. Chao kina mvuto wake, nami nusu yake sikipati, lakini majina na ala nazipata.

Ninapoisikiliza naifikiria Ngome Kongwe. Tamasha letu la muziki la Sauti za Busara hufanyika humo, lipo nasi tangu 2004, karibu kila Februari, na wasanii wake hupiga moja kwa moja, na gwaride la ufunguzi hutanguliwa na beni ya Mbwa Kachoka. Natamani kuisikia redioni seti nzima ya usiku wa Ijumaa nikiwa hapa Kikwajuni na uzi mdomoni, pamoja na kelele za Forodhani na mshereheshaji akikosea majina. Akina mama wenye watoto wadogo, wazee wasioweza kupanda ngazi, wauguzi walio zamu Mnazi Mmoja, wote wangekuwa ndani ya ngome. Studio za redio za Raha Leo zilituwekea taarabu ya wazee wetu. Maikrofoni tunazo na watu wanaojua muziki tunao.

Jumapili ya mwisho ya tamasha nilimwita mzee jirani yangu, aliyepiga tarumbeta pamoja na baba. Masikio yake yamechoka, nikamwekea spika karibu na bega. Ilikuwa bendi ya tarumbeta, vijana, wanakimbiza. Alikaa kimya muda mrefu, kidole kinapiga goti. Halafu akasema, "Mwanangu, huyu wa ngoma kubwa, sikiliza. Anaisubiri ya nne. Tatu anazipita, ya nne anaikalia." Nikasikiliza. Kweli, pigo la nne lilikuwa zito kuliko mengine, na wote waliegemea hapo. "Babako alikuwa anaifanya hiyo," akasema, "tukamkataza. Tulimwambia anatuchelewesha."

Tulikaa mpaka saa saba. Alipoinuka akauliza kama kesho wapo. Nikamwambia tamasha limekwisha mpaka mwakani, lakini redio ipo siku zote, na Jumapili mchana wao, ambao ni usiku wetu, beni zile haziwi mbali. Jumapili iliyofuata alikuja mara tu baada ya Isha, amebeba kiti chake.