Tahadhari: anayejiita wakili nje ya mahakama, aliniapisha uongo bila mimi kujua

Ndugu zangu, kuna jamaa anashinda nje ya mahakama na bahasha ya kaki kwapani, anajiita wakili. Anaandika maombi ya mirathi, hati za kiapo, wosia, mikataba, chochote utakacho. Nilimpa kazi baada ya baba yetu kufariki. Usimpe yako.

Kilichonivutia ni wepesi wake. Hakuuliza marehemu alifariki lini, ameacha watoto wangapi, mali gani, wala kama kuna wosia. Alitaka jina langu na la baba, basi. Kesho yake akaja na karatasi zimebanwa vizuri, akafunua ukurasa wa mwisho: "Weka sahihi hapa." Hati ya kiapo ilishagongwa muhuri wa kamishna wa viapo, mtu ambaye mpaka leo sijaiona sura yake. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona hiyo ndiyo huduma.

Pale masijala karani alisoma kidogo, akaniangalia. "Wewe ni mtoto wa pekee?"

Tuko watano. Aya ya nne inaapa kwamba marehemu hakuacha mtoto mwingine ila mimi. Aya ya saba ina jina la marehemu wa watu wengine kabisa. Alichukua maombi ya mteja wake wa zamani, akabadilisha majina ya juu, ya chini akayasahau. Dada yangu mkubwa alikuwa amesimama ubavuni kwangu akisikia yote. Safari ya kurudi nyumbani siisimulii.

Tena ile pesa aliyosema ni ada ya mahakama, "risiti" yake ilikuwa kikaratasi cha kuandika kwa mkono. Karani alisema hakijatoka kwao. Nilipompigia jamaa akaniambia ni makosa ya uchapaji, niongeze hela arekebishe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sahihi ni yangu. Kiapo cha uongo kinamwandama aliyeapa, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Nimepekua karatasi zote, jina lake halimo popote. Kama ni wakili, kwa nini alikwepa kuandika kwamba yeye ndiye aliyeziandaa? Ningemwomba jina kamili siku ya kwanza nikaliulizia kwenye orodha ya mawakili, yangeishia hapo hapo.

Mengine nimeyajua nikiwa nimechelewa. Kamishna wa viapo unakwenda kwake mwenyewe, anakutambua, unasaini mbele ya macho yake, ndipo anaandika tarehe na mahali na kugonga muhuri. Muhuri ukitangulia sahihi yako, hapo hapana kiapo. Jambo uliloambiwa na mtu usiliapie kana kwamba uliliona, taja aliyekuambia. Kama lugha ya hati huielewi, usomewe na kufasiriwa kabla hujashika kalamu.

Sisemi wachapaji wote wa nje ya mahakama ni matapeli. Wapo wanaochapa unachowaambia na hawajiiti mawakili, hao sina neno nao.

Maombi nimeyaandika upya, watoto wote watano tumo. Wadogo zangu watatu wameshasaini ridhaa. Dada amesema hasaini mpaka asome kila aya mwenyewe, na karatasi ziko kwake tangu Jumatatu.