Kununua bunduki ya zamani ya Kijapani: uanze na ipi, na ipi uiache mezani

Ukiingia kwenye maonyesho ya silaha huko Marekani, ni nadra kukosa meza yenye Arisaka, bunduki ya jeshi la Japani la zamani. Nyingi zililetwa na wanajeshi waliorudi kutoka vita vya Pasifiki mwaka 1945, na leo watoto na wajukuu wao wanaziuza. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuziangalia mara mbili. Hizi ndizo bunduki walizokabiliana nazo babu zetu wa keya (jeshi la KAR la Waingereza) huko Burma mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliposhuka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Mimi nilianza kuzikusanya kwa sababu hiyo.

Nawaandikia hasa ndugu mnaoishi Marekani, kwa kuwa huko ndiko ziliko kwa wingi na sheria inawapa nafasi wakusanyaji. Ila mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kununua bunduki. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa. Tena usichanganywe na neno "ya kale" kwenye tangazo. Sheria ya serikali kuu huita ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Murata, bunduki za Kijapani za miaka ya 1880 zilizotangulia Arisaka, zinaingia hapo, lakini karibu Arisaka zote haziingii. Nunua kupitia muuzaji mwenye leseni, na usome sheria za jimbo lako kabla ya kutoa pesa.

Kuitambua si kazi ngumu. Tazama juu ya chuma cha nyuma ya mtutu, pale bolti (chuma kinachovutwa kwa mkono kupakia risasi) inapoingilia. Kuna ua la mfalme lenye petali 16, na chini yake maandishi yanayosomwa kutoka juu kwenda chini. Mistari mitatu ya kulala ni 3, na mistari miwili inayoachana kama paa la nyumba ni 8: hiyo ni Aina ya 38, ya mwaka 1905, risasi yake milimita 6.5. Ukiona alama mbili zinazofanana, angalia vizuri. Vijisanduku viwili vyenye miguu ndani yake ni 44, karabini (bunduki fupi) ya mwaka 1911 yenye singe ya kukunja. Zisizo na sanduku ni 99, ya mwaka 1939, risasi milimita 7.7.

Kisha geukia ubavu wa kushoto, ilipo namba. Mwanzoni mwake mara nyingi kuna herufi ndogo ya Kijapani ndani ya duara. Hiyo ndiyo inayoonyesha mkupuo, yaani fungu la bunduki zilizotengenezwa pamoja. Mwishoni kuna alama ya kiwanda. Duara nne zilizopangwa kama rundo la risasi za mizinga ni Tokyo, na baadaye Kokura, kazi ilipohamishiwa huko baada ya tetemeko kubwa la 1923. Aina ya 99 ilitengenezwa pia na Toyo Kogyo wa Hiroshima, kampuni ambayo leo dunia nzima inaijua kwa magari ya Mazda.

Sasa bei. Kila muuzaji atakuonyesha ua kwanza, na ana sababu: bunduki nyingi zilizosalimishwa zilikwanguliwa ua kabla ya kukabidhiwa, kwa hiyo lenye petali zote huongeza thamani. Lakini ua hughushiwa. Pitisha kidole gumba taratibu juu yake. Ukihisi chuma kimebonyea pale na kwingine kimeinuka, au ukiona weusi wa rangi mpya kuzunguka petali tu, liligongwa upya.

Ninachokipima zaidi ya ua ni namba. Kwenye Aina ya 99 za mwanzo, tarakimu tatu za mwisho hurudiwa kwenye bolti na vipande vyake. Bolti hutoka kwa sekunde moja bila kifaa chochote, na zilipolundikwa pamoja baada ya vita zilichanganyika. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa na ua zuri kabisa, nikalipa bei ya ua. Nyumbani nikafungua bolti nikakuta 417 ndani ya bunduki inayoishia na 962. Muuzaji alijua, hakusema. Hasara si ya pesa peke yake: bolti ngeni huenda isikae sawasawa na chemba (tundu la mtutu inapokaa risasi), na fundi bunduki lazima aipime kabla haijapigwa hata risasi moja.

Pia kigeuze kitako cha mbao. Mstari wa kiungo unaokata kitako kwa urefu haumaanishi kimevunjika. Wajapani waliunga vipande viwili makusudi, kuokoa mbao na kuzuia mipasuko. Mkato wa kuogopa uko mbele, chini ya pete inayoshika mbao kwenye mtutu. Wanajeshi wengi walikata mbao hapo kwa msumeno ili bunduki iingie kwenye mfuko wa safari. Telezesha pete, uone. Mbao iliyopigwa msasa na kupakwa vanishi ing'ae nayo imeshaharibiwa, hata ikipendeza machoni.

Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, mimi naweka mbele Aina ya 99 fupi ya mikupuo ya mwanzo. Mtutu wake umepakwa kromu ndani, hivyo mara nyingi haujaliwa na kutu. Ilitoka kiwandani na kifuniko cha vumbi juu ya bolti, mguu wa waya wa kuegeshea, na mikono ya kulengea ndege kwenye kilengeo. Vitu hivyo vilitupwa au kupotea, kwa hiyo bunduki iliyobaki navyo vyote, namba zikioana, hupanda bei sana. Chukua hata yenye ua lililokwanguliwa kama mengine yote yametimia.

Ya pili ni Aina ya 38 ndefu, karibu mita 1.28, kazi ya uangalifu, laini kuliko zote ukiivuta bolti. Uliza swali moja tu: chemba imepanuliwa? Risasi zake zilipoadimika Marekani, wengi walizipeleka kwa fundi zikatobolewa upya zipokee risasi nyingine. Iliyopanuliwa haina bei ya asili.

Ya tatu ni Aina ya 99 za mwisho wa vita, zenye kibao kilichopigiliwa misumari mwishoni mwa kitako na kilengeo kisichosogea. Ni za bei nafuu, na zinaeleza hali ya Japani ya 1945 kuliko kitabu. Zinunue za kuweka ukutani.

Karabini ya 44, bunduki ya askari wa miamvuli inayogawanyika vipande viwili, na zile za walenga shabaha zenye darubini, ziache mpaka umeshika nyingine nyingi. Bei yake ni mara kadhaa ya hizo, na ndiko waghushi waliko.

Bunduki ya mafunzo usiinunue ukidhani ni ya vita. Chungulia mtutu kwenye mwanga: ukiwa laini, bila mifereji ya kuzungusha risasi, ilitengenezwa kwa baruti tupu ya wanafunzi. Risasi halisi inaweza kuipasua usoni pako.

Ukiuziwa na familia ya askari mwenyewe, uliza kama kuna karatasi ya jeshi iliyomruhusu kuileta nyumbani. Karatasi yenye namba ileile iliyo ubavuni ilipie zaidi bila kusita, na usiitenganishe na bunduki hata siku utakapoiuza.