Uzoefu wangu: miezi mitatu ya kwanza kwenye kozi ya Kijapani mjini Tokyo

Nilianza muhula wa Aprili. Wengi wananiuliza kama hizi kozi za vipindi 20 kwa wiki zinafundisha kweli, au ni njia tu ya kupata viza. Mimi zimenifundisha, na muhula wa pili naendelea.

Kabla hujapanda ndege, kariri hiragana na katakana, seti mbili za herufi za sauti za Kijapani. Shule ilitupa siku chache tu kwa herufi 46 za hiragana, na katakana ikaja kwa mbio zile zile. Mimi nilifika nazo kichwani, nikapata utulivu wa kumsikiliza mwalimu. Jirani yangu wa dawati hakuwa amezigusa. Mwezi ulikwisha bado anasoma sauti moja moja wakati darasa limeshafika kwenye vitenzi, na ni mtu mwenye bidii kuliko mimi. Iliniuma sana.

Mwalimu haongei lugha nyingine darasani. Hata maana ya neno anaieleza kwa Kijapani, kwa picha na kwa mikono. Wiki ya kwanza kichwa kiligonga. Kufikia wiki ya tatu maelekezo ya kila siku yalikuwa yananiingia bila kutafsiri.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtaji hapa. Irabu ni zile zile tano, ingawa u yao haiviringi midomo kama yetu. Kilichonisumbua ni urefu wa sauti. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni kite na kitte. Kwa la kwanza, "njoo", alipiga makofi mawili. Kwa la pili, stempu, akapiga matatu, na kwenye lile la katikati mdomo wake ukawa kimya kabisa. Tulirudia darasa zima mpaka viganja vikapata moto. Tangu hapo naisikia tofauti ya obasan, shangazi, na obaasan, bibi, ambayo awali ilikuwa inanipita.

Halafu kuhesabu! Karatasi tatu ni sanmai, penseli tatu ni sanbon, watu watatu ni sannin. Wenzangu walikata tamaa, mimi nikaona ngeli. Kama tunavyosema watu watatu na viti vitatu, namba yao nayo inafuata aina ya kitu. Sikuwahi kufikiri kwamba ngeli zingekuja kunisaidia huku.

Sasa lawama yangu. Darasa letu lilikuwa na watu 20, kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Gawa kipindi cha dakika 45 kwa vichwa hivyo: zamu yako haifiki dakika tatu, na hapo mwalimu bado hajafungua kinywa. Sarufi na kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, zilikwenda vizuri, maana kila asubuhi kulikuwa na jaribio, lakini kuzungumza kulibaki nyuma. Niliomba ofisini vipindi vya mazungumzo, nikaambiwa nisubiri muhula ujao. Kilichoniokoa ni darasa la watu wa kujitolea mtaani, jioni moja kwa wiki, ambako mama mmoja mstaafu hukaa nami saa nzima, akinisahihisha bila kuchoka.

Kwenye makaratasi shule ilitutendea vyema. Mfanyakazi wao alitusindikiza ofisi ya wilaya kuandikisha makazi, jambo linalotakiwa kufanyika ndani ya siku 14, na kujiunga na bima ya afya.

Kuhusu vibarua: mwanafunzi mwenye kibali anaruhusiwa saa 28 kwa wiki. Walioanza na saa zote hizo muhula wa kwanza walikuwa wanasinzia darasani, na mahudhurio yakishuka, kuongeza viza kunakuwa kugumu. Mimi nimebaki na saa 12, na nalenga mtihani wa Kijapani wa Desemba, ngazi ya N4, ya pili kutoka chini.

Kabla ya kulipa ada, iulize shule darasa la wanaoanza lina watu wangapi, na kila mmoja anazungumza dakika ngapi kwa siku. Mimi niliuliza bei tu.