The Sting (L'Arnaque): filme ya matapeli yenye inajua kazi

Batu ba Goma utapeli tunaujua. Kuko wa dhahabu ya bandia, kuko mwenye anakuchenjia dola huku anaongea mbio mbio mpaka unafika kwenu na makaratasi. Ndiyo maana filme nyingi za matapeli zinanichosha: mutu anavaa kravati, anafungua kompyuta, dakika mbili amekula milioni, ya nani, namna gani? Hapana.

The Sting ya 1973, kwa Kifaransa banaiita L'Arnaque, hiyo ndiyo filme. Ni 1936, Chicago na karibu yake, inaanza na mchezo wa kitambaa: mutu anakimbia na furaha eti ameiba pesa, kufungua ile kitambaa anakuta makaratasi. Hata huku kwetu, mutaa wa Birere, ungeona vile. Sasa zile pesa zilikuwa za mukubwa wa majambazi, Lonnegan, basi mzee Luther, mumoja wa wale matapeli, mwenye alimufundisha kijana Hooker kazi, anauawa. Kuanzia hapo si pesa tu, kuko kilio ndani, na filme ya matapeli bila mutu wa kulilia mimi sioni faida yake.

Penye napenda zaidi ni ndani ya treni. Paul Newman, tapeli mukubwa mwenye anasaidia Hooker kulipiza, anajifanya mulevi, anaita Lonnegan jina vibaya makusudi, anamukula kwenye karata, na Lonnegan mwenyewe alikuwa anaiba! Atalalamika kwa nani? Ile hasira ndiyo inamupeleka, kwa miguu yake, mpaka kwenye ofisi ya uongo ya kubeti farasi, yenye karibu kila mutu mule ndani iko pale juu ya kudanganya yeye mumoja. Banamuaminisha eti kuko mutu wa telegrafu anachelewesha matokeo, kwa hiyo unabeti farasi ameishafika. Na kwanza banamuachia ashinde. Mwenye aliwekaka pesa kwenye ile michezo ya "leta mia tukurudishie mia mbili" anajua, mara ya kwanza banalipaka vizuri sana.

Mwisho siuseme, ila nawe mwenye kuangalia utapigwa.

Banawake hawana kazi kubwa mule, hiyo ni kasoro. Oskari 7 ilistahili. Tafuta yenye sauti ya Kingereza na maandishi ya Kifaransa chini, juu ile sauti ya Robert Shaw kama Lonnegan inaogopesha bila kelele. Inapita saa mbili, shaji telefone kwanza.