Tahadhari: Anayejidai Wakala wa Kodi ya Ardhi Kisauni na Majengo, Mombasa

Ndugu zangu wenye nyumba, naandika kuwatahadharisha juu ya mtu mmoja mwenye faili la kijani na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, anayepita mtaa kwa mtaa akidai kuwa ni wakala wa kodi ya ardhi na kwamba anaweza kumfutia mtu riba ya malimbikizo yake iwapo atakabidhiwa nusu ya deni kabla ya mwisho wa Machi. Mimi alinichukulia shilingi 38,500.

Kilichonifanya nimwamini ni kuwa alinitajia nambari ya ploti yangu bila kuisoma popote. Baadaye ndipo nilipokumbuka kuwa nambari hiyo ilikuwa kwenye bango la ujenzi lililotundikwa ukutani kwangu mwaka mzima nilipokuwa nikiongeza ghorofa ya juu. Ghorofa hiyo hiyo aliitumia kunitisha, akisema kodi imepanda kwa sababu yake, ilhali kodi ya ardhi, au reti kama wengi tunavyoiita, imekuwa ikikokotolewa kwa thamani ya kiwanja iliyoandikwa kwenye daftari la uthamini, yaani orodha rasmi ya thamani za viwanja, wala si kwa idadi ya ghorofa. Nililipa kwa simu, na jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa lilikuwa la mtu binafsi. Nililiona, nikanyamaza.

Jirani yangu naye alikuwa amelipa. Tulipozilaza risiti zetu mbili barazani, tukakuta nambari ya risiti ni ileile, tarehe zimepishana kwa wiki mbili, na kwenye muhuri jina la mji limeandikwa "Mombsa". Kesho yake nilikwenda afisi ya kaunti kuomba taarifa ya deni langu, nikachapishiwa karatasi inayoonyesha kuwa deni liko palepale na riba imezidi kupanda.

Lililoniuma zaidi ni la shangazi yangu wa Majengo, mjane, ambaye nyumba yake ni katika zile tunazoziita nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zake, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi humlipa mwenye kiwanja kodi ya mahali. Reti hudaiwa mwenye ardhi aliyesajiliwa. Shangazi hakuwa na deni lolote kwa kaunti, na bado alitishwa kuwa nyumba itapigwa mnada, akatoa akiba yake.

Naomba tuyafahamu haya, kwa kuwa tapeli huyu huishi kwa kuyachanganya. Reti ni ya serikali ya kaunti, kwa mujibu wa kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 2010. Kodi nyingine, ile ya ardhi ya kukodishwa na serikali kwa miaka maalumu, hulipwa serikali kuu, na kulipa moja hakukuondolei nyingine. Msamaha wa riba, unapotolewa, hutangazwa hadharani kwa wote na hauuzwi mlangoni kwa mtu. Malipo huingia kwenye akaunti ya kaunti na si kwenye simu ya mtu, na baada ya kulipa ni vyema kuomba taarifa mpya ili uone deni limeshuka. Asiyefanya hivyo huenda akagundua kuwa deni bado lipo siku anayotaka kuuza au kumrithisha mwanawe.

Aliyepewa risiti yenye nambari inayoishia 417 asiitupe, wala asiufute ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Mimi na jirani tumekwisha kuandikisha ripoti polisi, na afisa aliyetupokea ametuomba kila aliyetapeliwa aje na vitu hivyo viwili.