Doti 24 za Mtaa wa Uhuru: duka linalokuuliza unamsema nani

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya doti mbili (doti ni jozi ya kanga) zilizotoka na neno pungufu, nitazifikia.

Duka liko Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, upande wa Mnazi Mmoja, pale maduka ya kanga yalivyobanana hadi unadhani mtaa mzima umeanika nguo. Jina silitaji kwa kuwa nina malalamiko nalo, na mwenye duka ni mzee wa watu, sitaki kumuumbua.

Kilichotupeleka ni hiki. Kikoba chetu kina wanawake 24. Wengi tunauza mboga, samaki wa kukaanga na chakula kwenye kiwanja cha bondeni ambacho miaka sita iliyopita kilikuwa dimbwi la vyura. Kifusi tulikinunua wenyewe, malori manne, tukakisambaza kwa majembe na makarai Jumapili tatu mfululizo. Mwaka huu tukasikia kiwanja kimepata mwenyewe. Nani? Hatuambiwi. Kikao kikaitishwa. Na vikao vile tunavijua: ukinyoosha mkono, muda umekwisha, ukipaza sauti, huna adabu. Mama mkubwa wangu, miaka 71, akatusikiliza tukibishana nani atasimama kuongea, kisha akasema, "Asisimame mtu. Tuvae."

Basi tukatumwa wanne kwenda kununua sare.

Maduka mengine ukiingia unaulizwa rangi, au unataka za hapa au za India. Hapa kijana wa kaunta alituuliza, "Ya kuvaa au ya kusema?" Tukamwambia ya kusema. "Mnamsema nani? Jirani, mke mwenza, au mkubwa?" Nilicheka, kumbe hatanii. Shelfu zake kazipanga hivyo hivyo, kwa maneno. Za mapenzi ziko chini karibu na mlango kwa kuwa ndizo zinazotoka sana, za dua na shukrani katikati, na za vijembe juu kabisa, mpaka apande ngazi. Kwa hilo tu duka hili nalipa nyota mbili nzima.

Akashusha kwanza "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake." Mimi nikaipenda papo hapo. Mama mkubwa akaikataa. Hiyo ni ugomvi, alisema, mwenyekiti atapata sababu ya kukasirika na akishakasirika ameshinda. Ikaja "Hasidi hana sababu." Akaikataa nayo: "Huyu sababu anayo. Anataka kiwanja." Nilijua sasa tutalala pale. Kijana akapanda tena, akarudi na doti moja, akaifungua kidogo tu, upande wa maneno. "Mchimba kisima hakatazwi maji."

Mama mkubwa akaisoma polepole huku akihesabu kwa vidole. Baba yake alikuwa mtunzi wa mashairi wa mtaani, ile tabia haijamtoka. M-chi-mba-ki-si-ma, sita. Ha-ka-ta-zwi-ma-ji, sita. Ile ya simba, akatuambia, ni tamu kwa sababu meno na maneno yanaitana, ila upande wa pili umezidi mizani moja, ukiisema kwa pumzi moja unajikwaa. Hii haikwazi. Na haitukani mtu, haitaji kiwanja wala kifusi wala mwenyekiti. Atakayechomwa nayo atakuwa amejitaja mwenyewe.

Sasa mchoro. Katikati, kwenye mji, kuna mananasi matatu. Pindo ni korosho nyeusi kwenye njano. Nilimuuliza kijana nanasi linahusiana vipi na kisima, akasema halihusiani, na ndiyo raha yake. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Picha ya kanga ni shahidi wako. Ukiulizwa kwa nini umevaa maneno yale, unajibu umependa mananasi, na hakuna wa kukubishia. Jina, yaani yale maneno ya kanga, linasema, mchoro unalisingizia usingizi.

Ukutani kaweka kanga moja kwenye fremu ya kioo, haiuzwi. Ni ile ya mwaka 2008 yenye sura ya Obama, juu imeandikwa "Hongera Barack Obama," chini "Upendo na amani ametujalia Mungu." Nzuri ya kutazama, sikatai. Lakini kanga za sura za wakubwa, na zile tunazogawiwa bure wakati wa kampeni, sijawahi kuziona zikifanya kazi ya kanga. Kwanza kitambaa chenyewe chepesi kama chandarua, mafuo mawili mheshimiwa ameshapauka. Pili, mji wa kanga ukijifunga unaangukia pale pale unapokalia. Wanawake tunajua, tunanyamaza, tunakaa.

Mzee mwenye duka, alipoona tunaitazama ile fremu, akaja na kikombe chake cha chai kutupa historia. Kwamba kanga za mwanzo zenye maneno ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwamba Zanzibar mtumwa alivaa kaniki, kile kitambaa cheusi, na utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897 wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakajifunga kanga, ili mtu akiwatazama asijue nani alikuwa wa nani. "Siasa ilianza kwenye nguo," alisema, "maneno yalikuja baadaye." Nikamkumbuka mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa, tuliyemsoma shuleni: kijikaratasi kimoja kilichouliza Kenya inakwenda wapi kikamtia ndani miaka mitatu, 1969 hadi 1972, na gerezani akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, ndiyo yakatoka kuwa Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Yeye alikuwa na jina, wakajua wa kumkamata. Jina la kanga halina mtunzi. Wangekwenda kumkamata nani, nanasi?

Bei: doti 11,000 reja reja, kwa 24 akatushushia hadi 9,000, jumla 216,000, na risiti ya mashine bila kuombwa. Alitufungashia vizuri, sita sita.

Ya kasoro. Nyeusi inachuja. Fuo la kwanza maji yalikuwa kama ya mkaa, na zile njano zikaingia uvuli. Ziloweke kwanza kwenye maji ya chumvi usiku kucha, usizichanganye na kitu. Wanga nao ni mwingi, dukani inasimama kama karatasi, ukishafua inalegea. Mama mkubwa ana kanga ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, na mpaka leo anabebea nayo wajukuu. Hizi zetu sizitegemei kubeba mjukuu wa mtu.

Na doti mbili, kama nilivyosema, chapa iliteleza kiwandani, pindo likameza herufi za mwisho. MCHIMBA KISIMA HAKATAZWI MA. Tuligundua tumeshakata na kupinda, kwa hiyo zilipokataliwa kubadilishwa nusu ya kosa ni letu. Ila duka linalouza maneno lilitakiwa lisome bidhaa yake kabla ya kuifunga. Mmoja wetu, muuza dagaa, alikaa na sindano akaitarizi JI kwa uzi mweusi. Mwingine aliiacha vile vile, akasema amemaliza kusema pale walipomkatiza.

Kikao nacho. Jina la kanga hukaa nyuma, ukikaa halisomeki, na hilo sisi wadogo hatukulifikiria. Mama mkubwa alilifikiria. Kanga ya juu hatukujitanda. Tuliikunja mara moja tukaitandaza magotini, jina likaelekea meza kuu, mabenchi mawili ya mbele. Mstari mmoja mara 24. Nilimtazama mwenyekiti akisoma, midomo inacheza. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akaruka hadi ya mwisho kuona kama kuna iliyo tofauti.

"Hizi sare za nini, mama?"

"Za harusi, mwanangu."

"Harusi ya nani?"

"Bwana harusi ndiyo bado hatujaambiwa."

Kicheko kilianzia kwa vijana wa bodaboda kule mlangoni kikaja mpaka mbele. Hakuna aliyenyoosha mkono, hakuna aliyepaza sauti. Kikao kiliahirishwa, kikaitwa tena, kikaahirishwa tena, na mpaka ninapoandika haya tunauza pale pale.

Tulipokuwa tunatoka siku ile, mjumbe mmoja wa meza kuu alinifuata hadi kwenye tangi la maji. Akatazama kushoto, kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini kanga kama hizi zinapatikana wapi, kuna mtu anataka kumpelekea. Sikumuuliza nani. Nikamwambia Mtaa wa Uhuru, duka lenye Obama kwenye fremu, amwambie kijana apande shelfu ya juu kabisa. Na amfungulie doti yote, asome mpaka herufi ya mwisho kabla ya kulipa.